Fahamu: Je, kijana aliye chini ya probesheni atakosa tena?

Ni nini?
Tathmini ya hatari ya kurudia kosa ni makadirio ya afisa wa probesheni kuhusu kijana aliyepewa kifungo cha nje (probesheni), yaani kuishi nyumbani chini ya uangalizi. Nchini Kenya, uangalizi huo hudumu miezi 6 hadi miaka 3.

Hupimwaje?
Huangaliwa makosa ya awali, shule, marafiki, ulevi na msimamizi wa nyumbani. Mfangano, kisiwa cha Kaunti ya Homa Bay, kuna ugumu wa ziada: kijana mvuvi huweza kulala ufuo huu leo, kesho ule. Huko ni kufuata samaki, si kumkwepa afisa. Kumwandikia hatari kubwa kwa sababu hiyo ni kumwonea.

Matokeo yake
Husaidia kuamua atembelewe mara ngapi, na asaidiwe nini.