Mifumo Mseto ya Nishati Jadidifu katika Malazi ya Watalii: Mfano wa Gisenyi, Rwanda

Utangulizi

Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu ulioko kaskazini mwa Ziwa Kivu, hutegemea kwa kiasi kikubwa biashara ya mpakani na Goma pamoja na wageni wa ufukweni. Umeme ukikatika saa mbili usiku, mgeni amekwisha kulipia chumba lakini huduma haipo. Hivyo mwenye malazi hukimbilia jenereta ya dizeli. Makala hii inaeleza jinsi mfumo mseto unavyoweza kuiondoa jenereta hiyo katika matumizi ya kila siku na kuibakiza kuwa akiba ya dharura.

Vyanzo vilivyopo

Mto Sebeya, unaoingia ziwani, huendesha vituo vya Gisenyi, Gihira na Keya, vyenye uwezo wa megawati 1.2, 1.8 na 2.2. Ziwa nalo lina takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kuitumia gesi hiyo katika miaka ya 1960, na mtambo wa KivuWatt wa Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, ulianza kazi mwishoni mwa 2015. Hata hivyo, methani hiyo hutengenezwa taratibu na vijidudu. Haifai kuhesabiwa sawa na jua au maji ya mto. Malazi yanayojitangaza kuwa rafiki wa mazingira kwa sababu tu yameunganishwa na gridi yanahitaji kupimwa kwa uangalifu.

Jua na maji hukamilishana kimsimu. Kuanzia Juni hadi Agosti mito hupungua na jua huwaka vizuri. Wakati wa masika hali hugeuka. Lakini wingi wa maji nao una hatari zake: usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ulifurika, katika mvua zilizoua watu zaidi ya 130 nchini. Kutegemea chanzo kimoja ni kuweka mayai yote katika kapu moja.

Ukokotoaji wa mfano

Tuseme nyumba ya wageni ina vyumba 20 na wageni 40, kila mmoja akitumia lita 40 za maji ya moto kwa siku. Kupasha lita 1,600 kutoka nyuzi 20 hadi 50 za Selsiasi huhitaji takriban kilowati saa 56. Iwapo mnururisho wa jua ni kilowati saa 4.5 kwa mita ya mraba kwa siku, na kipasha maji cha jua kinanasa nusu yake, mita za mraba 25 za paa zatosha. Joto hili halihitaji betri, kwani tangi lenyewe ndilo ghala.

Kwa taa, majokofu na pampu zinazotumia kilowati saa 40 kwa siku, paneli za kilowati 12 zitatosheleza, ikiwa robo ya nishati itapotea njiani. Betri ya kilowati saa 25, ikitumiwa kwa asilimia 80, itahimili mzigo wa kilowati 5 kwa saa nne, muda unaotosha kuvuka jioni yenye kiza. Gridi hujaza upungufu wa siku za mawingu. Jenereta huwashwa tu pale gridi na betri zote zinaposhindwa.

Hitimisho

Kwa mantiki hiyo, mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko ukubwa wa mtambo: kwanza kupunguza matumizi, pili kupasha maji kwa jua, tatu paneli na betri. Anayeanza na betri huku hita za umeme zikiendelea kufanya kazi hununua hifadhi ghali kwa ajili ya joto ambalo tangi lingelihifadhi kwa gharama ndogo. Washauri wa sera wanaweza kuuingiza mpangilio huu katika vigezo vya vibali vya ujenzi na vya kupanga hoteli katika madaraja, ili nyumba ndogo za wageni, zisizo na mtaji wa kukosea mara mbili, zisiachwe nyuma.