Harris Mule na Faili la Kwale

Aya ya 133 haikuitaja Kwale, wilaya ya pwani ya kusini ya Kenya. Imo ndani ya Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, ambao wengi huuhusisha na Tom Mboya, waziri wa mipango wa wakati huo. Kwa ufupi, aya hiyo inasema kwamba fedha za maendeleo ni chache, basi zipelekwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu waliokwisha kuamka. Waliobaki nyuma wangoje, watainuliwa kwa faida itakayopatikana huko mbele. Mzee wa Kinango au Ndavaya, huko Kwale, akisomewa maneno hayo hahitaji kufasiriwa.

Siku hizo wachumi Waafrika katika serikali ya Kenya walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Maofisa wa kikoloni walikuwa wanafunga virago, na viti vyao vilikaliwa na vijana waliorudi kutoka vyuo vya ng'ambo. Mmoja wao ni Harris Mule, mzaliwa wa Mbooni, Ukambani, aliyesomea uchumi Marekani. Aliingia idara ya mipango katika miaka hiyo ya 1960, akapanda cheo baada ya cheo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akawa Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Fedha. Alikaa hapo hadi 1986.

Ukiuliza Kwale ni nani waliowahi kuisemea wilaya hii, utatajiwa wanasiasa kama Kassim Mwamzandi au Juma Boy kabla hujamaliza swali. Mule huenda asitajwe kabisa. Ndivyo ilivyo kazi ya mchumi wa serikali: hotuba husomwa na waziri, utepe hukatwa na mbunge, na mtu aliyeandika hesabu hubaki ofisini na faili lake. Hata hivyo, kwa karibu miaka ishirini ofisi alizozifanyia kazi Mule ndizo zilizoamua fedha ngapi zivuke feri ya Likoni kuja kusini, zije lini, na zishikwe na nani zikifika.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote.

Fikiria mambo yalivyokwenda kabla ya 1983. Kalvati imezolewa na maji, tuseme kwenye barabara ya Kikoneni. Ofisa wa ujenzi wa wilaya anaiona, anaandika barua kwa mkuu wake wa mkoa Mombasa, naye anaipeleka makao makuu Nairobi. Fedha zilikwisha kupitishwa katika bajeti mwezi Juni, lakini ofisa wa Kwale hawezi kutumia hata shilingi moja mpaka apate hati ya idhini ya matumizi kutoka wizarani. Hati hizo zilikuwa na desturi ya kuchelewa. Mwaka wa fedha wa serikali humalizika 30 Juni, na kisichotumika hurudi Hazina. Huku pwani mvua kubwa hunyesha Aprili hadi Juni. Idhini ikifika Aprili, greda haliwezi kuingia kwenye tope. Tope likikauka, fedha zimekwisha rudi Nairobi. Kisha bwana mipango anaandika katika ripoti yake kwamba Kwale haina uwezo wa kutumia fedha inazopewa, na mwaka unaofuata wanapunguziwa.

Hapo hakuna mwizi wala mtu mwenye chuki na Wadigo au Waduruma. Ni utaratibu tu, lakini matokeo yake hayana tofauti na chuki.

Wachumi wenyewe walianza kuliona tatizo hilo mapema. Septemba 1966 wataalamu na maofisa wa serikali walikutana Kericho kujadili elimu, ajira na maendeleo ya vijijini, maana vijana waliomaliza shule walikuwa wanamiminika mijini na kazi hakuna. Kutokana na mkutano ule ukazaliwa Mpango Maalumu wa Maendeleo Vijijini. Serikali ilichagua sehemu sita za majaribio nchi nzima: Vihiga, Migori, Tetu, Mbere, Kapenguria na Kwale. Kwa hiyo wilaya iliyorukwa na aya ya 133 ikajikuta, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni shamba la majaribio la Wizara ya Fedha na Mipango. Barabara za mashambani, maji, mikopo ya wakulima, vyote vilipangwa kwa pamoja chini ya mratibu mmoja, badala ya kila wizara kuvuta upande wake. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuja kupima matokeo na kuandika ripoti nene.

Mpango huo ulififia katika muongo huo huo. Wafadhili walichoka, wizara zikarudi kuvutana, na mratibu wa wilaya hakuwa na mamlaka juu ya fedha. Aliweza kuita mkutano. Hakuweza kutia sahihi hundi. Nionavyo mimi, Kwale haikufaidi sana mpango ule, lakini Nairobi iliondoka na somo: kupanga pamoja hakufai kitu kama pochi limebaki kwa mwingine.

Katika miaka hiyohiyo sehemu moja ya Kwale ilikuwa inapaa. Ufuo wa Diani ulifuzu mtihani wa aya ya 133 kwa alama zote: mchanga mweupe, wageni wenye fedha za kigeni, na mtaji uliokuwa tayari kuingia. Lami ikaja, umeme ukaja, hoteli zikapangana kutoka Ukunda kwenda kusini. Serikali ilikuwa na shirika lake la kuendeleza utalii, na kati ya 1967 na 1970 aliwahi kufanya kazi humo mchumi mwingine wa kizazi cha Mule, Barack Obama, baba yake rais wa 44 wa Marekani. Huyu ndiye aliyethubutu, Julai 1965, kuandika katika jarida la East Africa Journal makala ya kuukosoa Waraka Nambari 10 ungali mbichi. Alihoji namna serikali ilivyolitazama suala la umiliki wa ardhi na uchumi kubaki mikononi mwa wageni na wachache. Hakusikilizwa, na kazi yake serikalini haikumnyookea.

Jambo lililotokea Diani lingempa hoja. Viwanja vya ufuoni viligawiwa wakubwa wa serikali na marafiki zao, huku wenyeji waliolima minazi na mikorosho nyuma ya ufuo wakiitwa maskwota. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara zao binafsi, serikali ikakubali, na mstari kati ya anayepanga maendeleo na anayefaidi maendeleo ukafifia nchi nzima. Pato la Diani likahesabiwa kuwa pato la Kwale. Kwenye jedwali la wizara wilaya ilionekana inakua. Kinango walikuwa bado wanachota maji kwenye silanga pamoja na ng'ombe.

Turudi kwa Mule. Alishika Wizara ya Fedha wakati mbaya. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara ya pili, neema ya bei nzuri ya kahawa ilikuwa imekwisha, na mwaka 1980 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kukopa Benki ya Dunia kwa masharti ya kurekebisha uchumi. Agosti 1982 kukatokea jaribio la mapinduzi. Mwaka huohuo kamati iliyoongozwa na Philip Ndegwa (si yule wa tume ya 1971) ilikagua matumizi ya serikali na kupendekeza kwamba wilaya zipewe usukani wa miradi yake. Rais Moi akalichukua pendekezo hilo, na tangu 1 Julai 1983 nchi nzima ikaingia katika mpango ulioitwa District Focus.

Aliyeusukuma kwa nguvu serikalini ni Simeon Nyachae, mtu wa utawala, aliyejua namna ya kuwafanya wakuu wa wilaya watii. Mule ndiye aliyeufunga kwenye bajeti. Mwanazuoni wa Marekani David Leonard, aliyeandika mwaka 1991 kitabu juu ya watumishi wanne wa umma wa Kenya waliofaulu katika maendeleo ya vijijini, aliwaweka wote wawili humo. Kwa hesabu yangu kazi ya Mule ilikuwa ngumu zaidi. Amri ya rais husomwa siku moja redioni. Kuzilazimisha wizara zigawe makadirio yake wilaya kwa wilaya, zipeleke hati za idhini moja kwa moja kwa ofisa wa wilaya, na kuimarisha hazina ya wilaya ili ilipe papo hapo, hiyo ni kazi ya kubishana na makatibu wenzako mwaka mzima, na hakuna atakayekupigia makofi.

Juu Kwale, penye ofisi za serikali, mabadiliko yalionekana mezani. Kamati ya Maendeleo ya Wilaya ilikaa chini ya mkuu wa wilaya, katibu wake akiwa ofisa wa maendeleo. Kuizunguka meza walikuwapo wakuu wa idara za maji, barabara, kilimo na elimu, wabunge, mwenyekiti wa baraza na kiongozi wa chama tawala, KANU. Mradi ulianzia kata ndogo kwa naibu chifu, ukapanda kwa chifu, kisha kwa mkuu wa tarafa, ndipo ukafika kwenye meza ile. Kalvati ya Kikoneni sasa ingeweza kuamuliwa na watu waliowahi kukwama penye kalvati hiyo.

Lakini angalia nani alikuwa kichwani pa meza. Mkuu wa wilaya hakuchaguliwa na mtu yeyote wa Kwale. Aliletwa na Ofisi ya Rais na angehamishwa wakati wowote. Chifu na naibu chifu walikuwa watumishi wake. Mule na wenzake walihamisha pochi kutoka Nairobi mpaka wilayani, kisha wakaliweka kwenye mfuko wa mtu wa Nairobi. Sidhani hawakuliona hilo. Katika Kenya ya chama kimoja, wakati hata baraza la hadhara lilihitaji kibali, mchumi wa serikali angependekeza nini kingine na akabaki na kazi yake?

Kipimo cha ofisi ya Mule kilikuja 1984, mvua zilipokosekana. Serikali haikungoja picha za watoto wanaokufa. Iliagiza mahindi mapema kwa fedha zake, ikayapokea bandarini Mombasa na kuyasambaza kwa njia zile zile za wilaya. Ni yale mahindi ya njano ambayo wengi waliyasusa kwa rangi na ladha yake, na ambayo waliokula hawajayasahau. Ethiopia mwaka huo watu walikufa kwa mamia ya maelfu. Kenya ilipita. Kama kuna jambo moja la kumpa mchumi wa umma heshima yake, ni msiba ambao haukutokea, na msiba ambao haukutokea hauna kaburi la kuonyesha.

Mwaka 1986 serikali ilitoa Waraka Nambari 1, juu ya usimamizi wa uchumi kwa ukuaji mpya, ambao kwa sehemu kubwa ni fikra za Mule na wataalamu wake. Mwaka huohuo akaondoka. Upigaji kura wa kupanga foleni ulikuwa umeanza kuzungumzwa, siasa ikashika Hazina, na baada ya muda hata District Focus ikawa chombo cha kuwagawia marafiki na kuwanyima wapinzani. Mwaka 1988 kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokuwapo tangu miaka ya 1920 na kuajiri watu wa Msambweni kizazi baada ya kizazi, kilifungwa. Agosti 1997 Likoni ikalipuka kwa ghasia, na moto wa hasira ya ardhi na kazi ukafika hadi Diani. Watalii wakakimbia.

Pochi lilihama tena kwa Katiba ya 2010. Sasa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa hupelekwa kaunti, na tangu Machi 2013 mtu anayekaa kichwani pa meza juu Kwale amepigiwa kura: gavana Salim Mvurya kwanza, na tangu 2022 Fatuma Achani. Karibu na mwaka huo wa 2013 tume ya ugavi wa mapato iliorodhesha kaunti 14 zilizotengwa kihistoria ili zifidiwe kutoka Hazina ya Usawazishaji. Turkana imo, Mandera imo, Wajir imo. Kwale nayo imo, pamoja na hoteli zake zote za Diani. Nusu karne baada ya aya ya 133, serikali yenyewe ikakiri kwa maandishi kwamba faida ya walioanza haikuwafikia waliongojeshwa.

Isisahauliwe tu kwamba Ndavaya inaweza kungojeshwa na Kwale kama ilivyongojeshwa na Nairobi. Kaunti ina wadi 20, na hoja ya kupeleka fedha pale zitakapozaa zaidi bado inavutia kila mwenye kikokotoo. Machimbo ya titani ya Nguluku na Maumba nayo yalifungwa mwishoni mwa 2024, kwa hiyo mapato hayo hayapo tena ya kuegemea.

Tofauti ni kwamba safari hii sheria inakuruhusu kuingia chumbani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti si baada ya 1 Septemba, waraka wa sera ya fedha si baada ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti si baada ya 30 Aprili, na wananchi lazima wapewe nafasi ya kutoa maoni. Tarehe ya kikao cha wadi yako utaipata kwa msimamizi wa wadi. Nenda, omba nakala ya mpango, tafuta jina la kijiji chako, na kama halimo, uliza mbele ya watu ni nani aliyeliondoa.