Injini ya Boti Inapochemka Ziwani

Injini iliyofungwa ndani ya boti hupozwa na maji yaleyale yanayoibeba boti. Pampu huyavuta kupitia tundu la chini, huyapitisha kwenye chujio, huyazungusha, kisha huyatema nje, mara nyingi pamoja na moshi. Kwa hiyo mshale wa joto ukipanda, fundi hutazama kwanza nyuma ya boti: je, maji yanatoka?

Yakidondoka tu, kuna kizuizi njiani. Boti zinazotoka bandari ya Kalundu, Uvira, katika Ziwa Tanganyika, na kupita karibu na mdomo wa mto Ruzizi hukutana na tope la msimu wa mvua, majani na mifuko ya plastiki. Uchafu huo huishia tunduni au kwenye chujio. Chujio likiwa safi, pampu hufunguliwa. Ndani mna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa. Mabawa yakikatika, vipande husukumwa na maji na kuziba mbele, hivyo kufunga gurudumu jipya hakutoshi. Vipande hutafutwa hadi cha mwisho, na hapa ndipo wengi huzembea.

Maji yakitoka vizuri na joto likabaki palepale, hukaguliwa mkanda, thamostati na oili.

Kama injini ina tangi lake la maji, kifuniko kisiguswe kabla haijapoa. Mvuke wake huunguza uso na mikono.