Motokaa Inayonguruma Hali Imesimama

Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Kwa hiyo mwenye motokaa ya zamani yenye kabureta huvuta choki ili injini iwake. Lakini injini ikiwa imekwisha pata moto na bado yanguruma kwa kasi, iko kasoro.

Wengi hukimbilia skrubu ya kabureta. Hiyo iwe ya mwisho kuguswa. Kwanza, itazamwe choki kama imerudi kabisa. Pili, utazamwe waya wa kanyagio la mafuta, usiwe umekwama kwa vumbi au kutu. Tatu, injini ikiwa inakwenda, yanyunyizwe maji kidogo penye maungio ya kabureta, mbali na nyaya za umeme. Mlio ukibadilika, hewa inapenya hapo, na gasketi ibadilishwe.

Kasoro hii hupoteza petroli. Tena, katika mteremko mrefu wa kwenda Ahero, injini haisaidii vema kuzuia motokaa. Breki hubeba mzigo na kupata moto mno. Basi itengenezwe kabla ya safari.