Dawa ya tezi unameza, lakini TSH yako ni ngapi?

Wengi wetu wa Pwani tuna jamaa Meru na Embu. Wako waliokwenda kwa biashara, wako walioolewa huko, na mitaa ya Majengo ya miji hiyo haijakosa Kiswahili wala adhana. Khalati yangu ni mmoja wao, amekaa Meru zaidi ya miaka thelathini. Mwaka juzi alinipigia simu akanambia: "Mwanangu, dawa nameza kila siku kama nilivyoambiwa, lakini sijioni kuwa mimi."

Alikuwa amepasuliwa rovu miaka sita nyuma. Tezi ya shingo ikatolewa yote, akaandikiwa levothairoksini ya mikrogramu 50 na akaambiwa atameza maisha yake yote. Basi. Hakuna aliyempima damu tena. Akawa anachoka kwa kupanda ngazi tatu, anasikia baridi hata jua la saa sita, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana, sauti imekuwa nzito. Kliniki moja walimwambia ni umri. Majirani walisema ni hasadi, asomewe. Kusomewa ni kheri na sikatai, lakini kisomo hakizuii mtu kutolewa damu.

Rovu si ugonjwa mgeni huko juu. Mvua za karne nyingi huosha madini ya aidini kwenye udongo wa milimani, na chakula kinachoota hapo hukosa madini hayo. Tezi hutumia aidini kutengeneza homoni yake. Ikikosa, huvimba ikijaribu kufanya kazi zaidi. Ndiyo sababu Kenya iliweka sheria ya kutia aidini kwenye chumvi katika miaka ya 1970, na chumvi yenyewe sehemu kubwa inatoka kwetu, mashamba ya Gongoni na Marereni huko Magarini. Lakini tuelewane hapa: chumvi hukinga. Mtu ambaye tezi imeshatolewa, au inashambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, hatapona kwa kuongeza chumvi kwenye mchuzi. Huyo anahitaji homoni yenyewe, kwa kipimo kinachomfaa yeye.

Na kipimo kinajulikanaje? Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo ambayo moja ya kazi zake ni kuisimamia hii ya shingo. Ikiona homoni ni kidogo mwilini, hupaza sauti, na sauti hiyo ndiyo TSH. Kwa hivyo TSH ikiwa juu, maana yake mwili unalia njaa ya homoni. Ikiwa chini sana, dawa imezidi. Watu wengi husoma karatasi ya maabara kinyume, wakaona namba kubwa wakadhani dawa imezidi, wakapunguza. Maabara nyingi huhesabu baina ya 0.4 na 4 kuwa sawa, ingawa kila maabara huandika mipaka yake pembeni ya jibu. Mara nyingine daktari huongeza kipimo cha T4 huru, yaani homoni yenyewe inayozunguka kwenye damu.

Nilimwambia khalati asiombe "vipimo vyote vya tezi", maana akisema hivyo atauziwa orodha ndefu. Aombe TSH kwanza, na T4 huru kama pesa zipo. Maabara nyingine za mijini hutoa damu pale na kuipeleka Nairobi, majibu yakarudi baada ya siku kadhaa, kwa hivyo ulizeni mapema. Ulizeni pia bima ya SHA italipa nini kabla hamjakaa kwenye kiti cha kutolewa damu. Nendeni asubuhi kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo. Na kama mnatumia vile vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, viacheni siku mbili au tatu kabla na mumwambie mpimaji, maana huweza kuharibu jibu hata mtu mgonjwa akaonekana mzima.

Jibu la khalati lilikuwa 28.

Watu wengi hapo hukimbilia kuongeza dawa. Tabibu aliyemwona safari hii, Mola amlipe, alimuuliza kwanza anamezaje. Khalati akajibu bila wasiwasi: asubuhi, na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Meru na Embu ni nchi ya chai na kahawa, nani ataanza siku bila kikombe? Lakini dawa hii ina wivu. Kahawa na chai huipunguzia nguvu, maziwa pia, na vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu huishika tumboni ikapita bila kuingia kwenye damu. Dawa za kiungulia, kama omeprazoli, nazo huizuia. Inatakiwa imezwe kwa maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Chuma na kalsiamu zikae mbali nayo kwa saa nne. Na isiwekwe juu ya friji wala dirishani penye jua. Joto na unyevu huidhoofisha, jambo ambalo sisi wa Mombasa tunapaswa kulikumbuka zaidi yao.

Akabadilisha kumeza tu, kipimo kile kile, akarudi baada ya wiki nane. TSH ilikuwa 9. Hapo ndipo dawa ikaongezwa, na wiki nane nyingine baadaye ikafika 3. Mbona wiki nane? Homoni hii hukaa mwilini siku nyingi. Nusu yake huchukua kama wiki moja kuondoka. Ukipima baada ya siku kumi unapima hali ambayo bado inabadilika, na daktari akibadilisha dozi kwa jibu hilo mtakimbizana mwaka mzima. Wiki sita hadi nane, kisha namba ikitulia, mara moja kwa mwaka inatosha.

Mja mzito hangoji mwaka. Binti wa khalati ameolewa Embu na yeye pia ana upungufu wa homoni ya tezi. Mtoto tumboni katika miezi ya mwanzo hutegemea homoni ya mama, kwa hivyo mahitaji hupanda mapema, mara nyingi kwa robo au zaidi. Mwanamke anayemeza dawa hii akijua tu ana mimba amwone daktari wiki hiyo hiyo, asingoje siku ya kliniki ya wajawazito. TSH iliyoachwa juu huongeza hatari ya mimba kutoka. Wanawake wangapi wameambiwa wana jini mahaba ilhali hakuna aliyewapima tezi?

Sasa, wako ambao TSH yao imekaa sawa na bado wanajiburura. Hao wasiongezewe dawa kwa kubahatisha. Dozi ikizidi moyo hupiga ovyo, usingizi hupotea na mifupa hudhoofika, na kwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo ni hatari kubwa. Waulize kama damu imepungua, sukari ikoje, vitamini B12 ikoje, wanalala vipi, na moyo wao una huzuni gani. Kinga ya mwili ikishashambulia tezi huweza kushambulia na tumbo pia, B12 ikapungua. Kuna homoni ya pili, T3, ambayo wataalamu wengine huiongeza kwa wagonjwa wachache. Hiyo si ya kununua kwa simu kutoka kwa mtu asiyekupima.

Mtaalamu wa homoni ni mgumu kumpata. Nchi nzima ni wachache na wengi wako Nairobi, na kutoka Meru hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Kwa hivyo anzeni na daktari wa kawaida katika hospitali za rufaa za Meru na Embu, mwende na karatasi zote za TSH zilizopangwa kwa tarehe, dozi imeandikwa pembeni ya kila moja. Daktari akiona mstari huo ataamua kwa dakika tano kama mnahitaji barua ya Kenyatta.

Khalati aliniuliza kuhusu Ramadhani. Awe anameza akienda kulala, saa tatu au nne baada ya kula, au aamke nusu saa na zaidi kabla ya daku. Akachagua kulala nayo, na saa hii anaendelea hivyo hata nje ya Ramadhani, kwa sababu chai yake ya asubuhi, anasema, haivumilii kungoja.