Gari la Haibridi kwa Kazi ya Teksi: Nani Anaokoa Mafuta, na Nani Atanunua Betri?



Kikundi kikishaweka akiba miaka kadhaa, mazungumzo hufika kwenye gari. Mmoja atasema tununue Probox ya kubeba abiria Meru, mwingine atasema hapana, mafuta yatatumaliza, tununue haya magari mapya ya haibridi, yanakunywa kidogo. Hapo mkutano hugawanyika. Wengine wamesikia kwamba haibridi haiharibiki kabisa. Wengine wamesikia kwamba betri yake ikifa, gari limekufa. Katika ukurasa huu tunaeleza gari hili ni gari gani, linaokoa nini, linadai nini, na jambo ambalo vikundi husahau kuandika katika mapatano yao na dereva.

HAIBRIDI NI NINI?

Haibridi ni gari lenye nguvu mbili. Lina injini ya petroli kama gari lolote, na lina mota ya umeme inayopata nguvu kutoka betri kubwa. Betri hiyo haichomekwi ukutani. Inajazwa na gari lenyewe: injini inapozunguka, na pia dereva anapokanyaga breki au anapoteremka mlima. Katika gari la kawaida nguvu ya breki hupotea kama joto. Katika haibridi sehemu ya nguvu hiyo hurudi kwenye betri.

Tusichanganye haibridi na gari la umeme mtupu. Nairobi kulikuwa na teksi za umeme mtupu za NopeaRide kuanzia 2018, zenye vituo vyake vya kuchajia. Kampuni mama huko Finland ilipofilisika, kazi hiyo ilisimama mwisho wa 2022. Haibridi haitegemei kituo cha kuchajia. Panapouzwa petroli, inatembea.

Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani Desemba 1997. Aqua ilifuata mwisho wa 2011, Fielder ya haibridi 2013, na Probox ya haibridi mwisho wa 2018. Kwa hiyo si kitu cha majaribio tena.

JE, YANADUMU?

Magari haya yamefanya kazi ya teksi mahali pengi. Huko New York teksi za haibridi zilianza 2005. Mwaka 2011 gazeti la Consumer Reports la Marekani lilipima Prius ya 2002 iliyokuwa imetembea zaidi ya kilomita 320,000. Ilikuwa bado inatembea kama kilomita 17 kwa lita, karibu sawa kabisa na gari la aina hiyo walilolipima miaka kumi nyuma likiwa jipya. Na huko Mongolia, nchi ya wafugaji kama sisi, Prius kuukuu kutoka Japani zimejaa barabarani, ingawa baridi ya kule ni kali mno.

Sababu mojawapo ya kudumu ni kwamba haibridi za Toyota hazina vitu kadhaa vinavyosumbua mafundi wetu. Hazina alteneta wala stata ya kawaida, na giaboksi yake ni rahisi kuliko ya otomatiki ya kawaida. Breki padi nazo hukaa muda mrefu, kwa kuwa mota husaidia kusimamisha gari.

Lakini si kila haibridi ni sawa. Honda Fit ya haibridi iliyotoka 2013 iliitwa irudi kwa marekebisho mara tano katika mwaka wake wa kwanza hivi, na 2014 wakubwa wa Honda walikubali kukatwa mishahara kwa sababu hiyo. Basi msiulize tu kama gari ni haibridi. Ulizeni ni haibridi ya nani, ya mwaka gani.

TATIZO LA ISIOLO: VUMBI NA JOTO

Betri kubwa inapenda hali ya hewa inayompendeza binadamu. Ikipata joto jingi mwaka baada ya mwaka, inazeeka mapema. Ndiyo maana imewekewa feni, na feni hiyo huvuta hewa kutoka ndani ya gari, pale abiria wanapokaa. Tundu la kuvutia hewa liko karibu na kiti cha nyuma.

Sasa fikirieni teksi yetu. Madirisha yako wazi, vumbi linaingia. Abiria wa nyuma ameegemeza begi juu ya lile tundu, au gunia la miraa limesukumwa hapo. Feni inavuta vumbi na nywele za mbuzi mpaka inaziba. Betri inachemka kimyakimya, na dereva hajui lolote mpaka taa nyekundu iwake. Gari hilohilo huko Japani lingedumu miaka mingi zaidi.

Kuzuia si kazi ngumu:

- Tundu la hewa lisafishwe kila wiki kwa brashi laini, na feni yenyewe ifunguliwe na fundi na kusafishwa katika kila sevisi au kila ya pili.
- Mzigo usiwekwe mbele ya tundu hilo hata kwa safari fupi. Mtungi wa maziwa ya ngamia ukae buti, usikae kiti cha nyuma, kwa sababu katika magari kama Aqua betri iko chini ya kiti hicho.
- Barabara ya vumbi, fungeni madirisha na muwashe kipoza hewa. Kinakula mafuta kidogo, lakini kinaiponya betri.
- Gari liegeshwe kivulini.
- Laga ikiwa na maji, msivuke. Aqua iko chini, kama sentimita 14 tu kutoka ardhini, na maji yakifika kwenye betri hasara ni kubwa. Kwa njia ya Merti au Garba Tulla wakati wa mvua, gari hili si lake.
- Mkiteremka kutoka Timau kuja Isiolo, ni zaidi ya mita 1,000 za kushuka. Betri itajaa kabla hamjafika chini. Ikishajaa, dereva aweke gia ya B ili injini isaidie kushika gari, asichome breki.

Injini nayo bado ni injini. Oili ibadilishwe kwa wakati. Pia kuna maji ya kupoza kifaa kinachobadilisha umeme, yenye chombo chake mbali na rejeta. Fundi asiyejua hukipita bila kukitazama.

UMEME WAKE UNAUA

Umeme wa nyumbani ni volti 240. Ndani ya haibridi umeme unaweza kupanda kupita volti 500. Waya zake zimepakwa rangi ya chungwa ili mtu ajue. Fundi wa jua kali ambaye hakufundishwa asiguse waya hizo. Anayejua kazi huzima gari, huondoa ile plagi ya usalama ya betri akiwa amevaa glovu za mpira za umeme, halafu hungoja angalau dakika 10 kabla ya kushika kitu. Mkiona fundi hafanyi hivyo, mwondoeni kwenye gari, kwa ajili yake mwenyewe.

Na gari likikwama njiani, lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka. Mota huzalisha umeme hata gari likiwa limezimwa. Lipakiwe juu ya lori, au magurudumu ya mbele yainuliwe. Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni karibu kilomita 285, kwa hiyo kabla ya kununua ulizeni fundi wa karibu wa haibridi yuko wapi.

SASA TUPIGE HESABU

Bei ya petroli hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi. Tumeiona ikipanda: Oktoba 2023 lita ilifika shilingi 217 Nairobi. Hapa tutatumia shilingi 180 kwa mfano tu. Ninyi wekeni bei ya pampu yenu.

Tuseme gari linatembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi.

Mfano wa kwanza, kazi ya mjini ya kusimama na kuondoka. Gari la kawaida linatembea kilomita 12 kwa lita: lita 10, shilingi 1,800. Haibridi inatembea kilomita 18 kwa lita: lita 6 na theluthi mbili, shilingi 1,200. Mmeokoa shilingi 600 kwa siku, yaani 15,600 kwa mwezi.

Mfano wa pili, barabara ndefu ya lami kwa mwendo mmoja. Gari la kawaida linafika kilomita 15 kwa lita: lita 8, shilingi 1,440. Haibridi ni ile 1,200. Mmeokoa shilingi 240 tu kwa siku, yaani 6,240 kwa mwezi.

Mbona tofauti ni kubwa hivyo? Kwa sababu haibridi hupata faida yake mahali pa kusimama na kuondoka, injini ikizima kwenye foleni. Foleni hiyo iko Nairobi. Mji wetu wa Isiolo ni mdogo, na safari fupi zimechukuliwa na bodaboda na tuktuk. Teksi yetu hupata pesa zaidi Meru, Nanyuki na Archer's Post. Kwa hiyo anayewaletea hesabu ya Nairobi anawapa hesabu ya mji mwingine. Pimeni kwa njia zenu.

Bado hatujagusa betri. Kwa sheria yetu gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likizidi miaka 8. Maana yake ni kwamba haibridi mnayoiona kwenye yadi inaweza kuwa na betri ya miaka 6 au 7, ambayo imeshakula sehemu kubwa ya maisha yake, na dhamana ya kiwanda haikufuati Isiolo. Hiyo betri itabadilishwa siku moja, na pengine ninyi ndio mtaibadilisha. Tuseme mnaiwekea shilingi 200 kila siku ya kazi: ni 5,200 kwa mwezi, au 62,400 kwa mwaka.

Toeni hizo 200 katika akiba ya mafuta. Kazi ya mjini inabaki na shilingi 400 kwa siku. Barabara ndefu inabaki na shilingi 40. Kama haibridi iliwagharimu shilingi 150,000 zaidi ya gari la kawaida, kazi ya mjini itarudisha tofauti hiyo kwa miezi 15 hivi. Ile ya barabara ndefu itahitaji miaka 12. Mkitembea kilomita nyingi zaidi kwa siku muda utapungua, lakini betri nayo itachoka mapema.

JAMBO LINALOSAHAULIKA

Hapa ndipo tunaomba msome polepole. Katika mapatano ya kawaida, dereva huleta hesabu kila jioni, kiasi kilekile, na mafuta hununua yeye. Gari likiwa la kawaida, hakuna ubaya. Likiwa haibridi, ile shilingi 600 iliyookolewa inabaki mfukoni mwa dereva. Kikundi kinapokea hesabu ileile ya zamani. Siku betri inapokufa, dereva anarudisha ufunguo, na wanachama ndio wanaochangishwa. Hapo dereva hakuiba chochote. Mapatano ndiyo yaliyompa yeye faida na kuwaachia ninyi deni.

Na gari likisimama, mkopo hausimami. Mama aliyeuza mbuzi wake kununua hisa atalipa riba ya gari lililoegeshwa.

Tunashauri hivi. Kwanza, pandisheni hesabu ya kila siku kwa kiasi cha fedha za betri, na mweleze dereva sababu. Kama anaokoa 600, akitoa 200 bado amebaki na 400, na ana sababu ya kulitunza gari. Mtu hatunzi vizuri kitu ambacho hana fungu ndani yake. Pili, fedha za betri ziwe na akaunti yake yenye sahihi tatu. Zisikopeshwe katika table banking, na zisigawanywe Desemba hata kama gari ni zima. Tatu, kuwe na daftari ndani ya gari la kilomita na lita kila siku. Siku mtakapoona gari limeshuka kutoka kilomita 18 hadi 14 kwa lita bila sababu, betri au feni imeanza kulalamika. Dalili nyingine ni alama ya betri kupanda na kushuka ghafla, na feni kuvuma sana nyuma.

Na kabla ya kulipa, lipeni fundi mwenye mashine ya kompyuta asome nguvu ya kila fungu la betri, gari likiwa limepandishwa mlima, si likiwa limesimama yadi. Jihadharini na betri iliyokarabatiwa kwa kubadilishwa seli moja mbili. Hizo nyingine zilizozeeka hufuata.

Bima ya PSV, ukaguzi wa NTSA na matairi ni gharama zilezile kwa magari yote mawili, msizisahau.

Hatusemi msinunue haibridi. Ni gari zuri kwa anayelijua na aliyeliwekea akiba. Kwa kikundi ambacho hakitaweza kutenga zile 200 kila siku bila kukosa, Probox ya kawaida ambayo kila fundi wa Isiolo anaijua ni mwendo wa salama zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe na tundu chini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu litatembea wapi zaidi, mjini au barabara ndefu? Tumepima kilomita ngapi kwa siku?
2. Katika mapatano yetu, mafuta yakiokolewa pesa zinakwenda kwa nani?
3. Betri ikifa mwezi ujao, tuna kiasi gani mkononi?
4. Nani kati yetu ataangalia daftari la gari kila wiki, na nani atamwangalia yeye?