Jeraha la Ubongo: Hatari ya Saa za Unafuu

Tuseme kijana wa bodaboda ameanguka katika Barabara ya Kilwa, maeneo ya Mbagala. Anapoteza fahamu kwa dakika chache, anazinduka, anajipangusa vumbi na kusema yu mzima. Anarudi nyumbani, anameza dawa ya maumivu ya kichwa na kulala. Alfajiri haamki. Jamaa hushangaa, kwani jioni alizungumza nao vizuri. Tukio la namna hii lina maelezo yake ya kitabibu, na kuyafahamu kunaweza kuokoa maisha.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4. Ni laini, nao umefungiwa ndani ya fuvu gumu lisilotanuka. Kichwa kinapogonga lami, fuvu husimama ghafla ilhali ubongo ungali katika mwendo. Ubongo hujigonga kwenye mfupa, nyuzi za neva huvutika, na mishipa ya damu huweza kupasuka. Hilo ndilo jeraha la awali.

Jeraha la pili hufuata baadaye. Kwenye panja mfupa wa fuvu ni mwembamba, na kwa ndani hupita ateri. Mfupa ukivunjika hapo, ateri huweza kuchanika na damu ikakusanyika kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mwanzoni nafasi ndogo iliyopo hutosha, na mgonjwa huongea na hata kutembea. Nafasi ikiisha, shinikizo hupanda kwa kasi, ubongo husukumwa kuelekea kwenye shina lake linaloongoza pumzi, na mgonjwa huzimia. Saa hizo za unafuu ndizo zinazoihadaa familia. Usingizi wenyewe hauui, bali huficha dalili.

Ajali za barabarani si chanzo pekee. Watoto huanguka kutoka miembeni na kwenye nyumba ambazo ujenzi wake haujakamilika. Wengine hujeruhiwa kwa kupigwa. Kwa wazee, hata kuteleza bafuni kunaweza kuvilisha damu polepole, na dalili zikaonekana baada ya wiki kadhaa.

Mtu aliyegonga kichwa apelekwe hospitali mara moja iwapo alipoteza fahamu, anatapika mara kwa mara, maumivu yanazidi, amechanganyikiwa, ana degedege, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, upande mmoja wa mwili umelegea, au damu ama majimaji yanamtoka puani au masikioni. Harufu ya pombe isimfanye mtu adhani ni ulevi tu. Shingo yake isipindwe, asipewe chakula wala kinywaji, na asipakiwe mshikaki kwenye pikipiki.

Hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala zipo karibu na wakazi wengi wa maeneo hayo. Anayehitaji upasuaji wa ubongo huweza kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Daktari hupima fahamu kwa kutazama macho, maneno na mwitikio wa viungo, kwa kipimo kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974. Alama 15 ni fahamu kamili. 8 au pungufu ni hali mbaya sana.

Anayepona huweza kubaki na usahaulifu, kifafa, kupooza au hasira zisizo za kawaida yake. Mke au mzazi asidhani amerogwa au ana kiburi. Ni ubongo ulioumia, nao unahitaji subira, dawa na mazoezi ya viungo.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba. Tafiti zimeonesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 69. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani, au isiyofungwa mkanda kidevuni, haimkingi mtu. Abiria naye ana fuvu kama la dereva: adai yake kabla ya safari kuanza.